Kishikio cha fimbo cha Scotty katika kayaki: tathmini ya kifaa na ya mahali pa kukifunga

Mtu anayevua kwa kayaki hukaa mahali pamoja tangu anapoiacha pwani hadi anaporudi. Hawezi kusimama akaifuata fimbo yake tezini (upande wa nyuma wa chombo), hana mwenzake wa kumshikia kafi samaki anapokamata, na kila anapojipinda kutazama nyuma chombo nacho huyumba pamoja na kiwiliwili chake. Wavuvi wa ngalawa wanaorambaza nguru, yaani wanaoburuta chambo nyuma ya chombo kinachokwenda, kwa mshipi wa mkono hawana tabu hii, kwa kuwa mkono wenyewe huwaeleza kila linalotokea upande wa pili wa mshipi. Anayetumia fimbo na rili hana budi kukiachia kishikio kazi hiyo wakati mikono yake inapiga kafi, na kishikio kikiwa kimefungwa mahali pasipofaa, hata fimbo ya bei kubwa haitamsaidia. Kwa hiyo tathmini hii ya kishikio cha Scotty inakwenda sambamba na swali la mahali kinapofungwa, kwani kifaa kile kile huweza kuwa bora mbele ya magoti na kikawa usumbufu nyuma ya kiti.

Kampuni ya Scotty iko Sidney, katika jimbo la British Columbia nchini Kanada, na inajulikana sana kwa wavuvi wa samoni wa huko kwa mitambo yake ya kushusha chambo kwenye kina kirefu. Vishikio vyake vya fimbo vimetengenezwa kwa nailoni iliyoimarishwa, na kila kimoja kina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni kitako, ambacho hufungwa juu ya sitaha na kubaki hapo. Sehemu ya pili ni kishikio chenyewe, chenye mguu unaotumbukizwa ndani ya kitako na kunaswa usichomoke. Mguu huo una meno yanayolingana na meno ya kitako, kwa hiyo kishikio kinaweza kuelekezwa upande wowote katika duara zima, na kikishakaa kwenye meno yake hakizunguki tena mpaka kiinuliwe. Pembe ya kupandisha na kushusha fimbo hurekebishwa kwa kirungu kikubwa kilicho ubavuni, kinachokazwa kwa mkono. Vitako vyenyewe ni vya aina mbalimbali: vipo vya kufungwa juu ya sitaha au ubavuni, vipo vinavyozama hadi kulingana na sitaha, na vipo vya kubana kwenye bomba la chuma. Vyote hupokea mguu ule ule, jambo ambalo humwezesha mtu kutoa kishikio cha fimbo na kuweka mahali pake kifaa cha kutafutia samaki bila kutoboa tundu jipya.

Aina ninayoitumia inaitwa Power Lock. Iko wazi upande wa juu, kwa hiyo fimbo hulazwa ndani yake na hutolewa kwa kuinuliwa, bila kuchomolewa kwa urefu. Rili inayokaa juu ya fimbo hutulia humo vizuri sana. Mwenye rili ya kuning'inia chini ya fimbo atafute aina ambayo kampuni hiyo hiyo imeitengeneza kwa ajili ya rili za namna zote mbili, kwa kuwa Power Lock haikukusudiwa hasa kwa ajili yake.

Uwazi huo wa juu ndio sababu kubwa ya kukisifu kifaa hiki, na naona inafaa nieleze ni kwa nini. Kolekole au songoro anapokamata chambo kinachoburutwa, fimbo hupinda papo hapo na mpini wake hukandamizwa kwa nguvu dhidi ya kitu kinachoushika. Mpini ukiwa ndani ya bomba refu, mvuvi hulazimika kuuvuta kwa urefu wake huku samaki anauelemeza upande, na mara nyingi mpini hukwama hadi samaki apunguze mvuto. Katika kishikio kilicho wazi, mkono mmoja hushika fimbo mbele ya rili, huiinua, na fimbo inakuwa huru. Mkono wa pili unabaki na kafi. Tofauti hiyo ya muda mfupi ni kubwa mahali penye matumbawe, kwa sababu kolekole hukimbilia mwambani mara tu anapohisi ndoano, na akishapita nyuma ya jiwe mshipi hukatika.

Hata hivyo uwazi una masharti yake. Fimbo iliyolazwa inaweza kuruka nje ikiwa chombo kitapigwa na wimbi la ubavuni au ikiwa kafi litaigonga kutoka chini. Breki ya rili nayo inapaswa kulegezwa wakati fimbo iko kwenye kishikio, kiasi cha kutosha tu kuzuia chambo kisitoe mshipi kwa mvuto wa maji, ili samaki anapokamata rili itoe mshipi badala ya kuivuta kayaki ubavuni. Mlio wa rili ukiwashwa, mvuvi atasikia kabla hajaona. Breki iliyokazwa sana ikikutana na samaki mzito huelekeza nguvu yote kwenye kitako na skrubu zake, na hakuna kishikio cha plastiki, kiwe cha kampuni gani, kinachopaswa kujaribiwa namna hiyo.

Sasa mahali. Maji ninayoyafahamu zaidi ni ya Kunduchi na Msasani, Dar es Salaam, ambako mtu huondoka asubuhi upepo ukiwa mdogo na kurudi upepo ukiwa umekaza, hasa wakati wa kusi. (Kwa wageni wa eneo hili: visiwa vya Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi za bahari tangu mwaka 1975, na uvuvi ndani ya mipaka yake hauruhusiwi, hivyo mishipi ikunjwe mapema kabla ya kuvikaribia.) Katika safari ya namna hiyo fimbo inayorambaza inafaa ikae mbele ya mvuvi, mahali anapoiona ncha yake bila kugeuza shingo. Ncha ya fimbo ndiyo inayosema kama chambo bandia kinaogelea sawasawa, kama kimenasa mwani, au kama samaki mdogo ameshikwa na anaburutwa bila kutoa mlio. Anayeweka fimbo yake nyuma hunyimwa habari hizo zote, na akitaka kuzipata ni lazima ajipinde, jambo ambalo katika bahari yenye mawimbi ya ubavuni halifai kufanywa mara kwa mara.

Kupata mahali penyewe kunahitaji subira zaidi kuliko vipimo. Kayaki iwekwe juu ya mchanga, mvuvi akae akiwa amevaa jaketi la uokozi kama atakavyolivaa majini, apige kafi hewani kwa mwendo wake wa kawaida, na mtu mwingine atie alama mahali kafi linapoingia na linapotokea. Kisha aegemee mbele kidogo, mgongo ukiwa bado karibu na kiti, na anyooshe mkono kushika mpini wa fimbo iliyowekwa kwenye kishikio kisichofungwa bado. Ikumbukwe kwamba mpini hurudi nyuma kumwelekea mvuvi, kwa hiyo kitako kinaweza kukaa mbele zaidi ya mtu anavyodhani, karibu na usawa wa miguu, na bado mpini ukafikika. Kosa ninaloliona mara nyingi kwenye kayaki zilizotobolewa dukani ni kitako kilichofungwa usawa wa mapaja. Hapo mkono hukifikia kwa urahisi, lakini vifundo vya vidole hukigonga kila kafi linaporudi, na samaki akipandishwa, ndoano na mshipi huzunguka humo humo.

Kuhusu pembe, fimbo ya mita 2.1 ikielekezwa mbele na nje kwa digrii 45 hivi kutoka mstari wa katikati wa chombo hupeleka ncha yake zaidi ya mita 1 nje ya mstari huo. Umbali huo unatosha kuufanya mshipi unaorudi nyuma upite nje ya eneo la kafi kwa mpigaji wa kawaida. Fimbo iinuliwe kiasi ili kafi lipite chini yake, lakini isisimamishwe sana, kwa kuwa fimbo iliyosimama hupokea mshtuko wa samaki kwa ncha peke yake na pia hukusanya upepo. Meno ya Scotty yana manufaa ya pekee hapa. Ukishaipata pembe yako unaweza kukitoa kishikio, ukakiweka ngamani (ndani ya chombo, chini ya sitaha) wakati wa kurudi, na kesho yake ukakirudisha kwenye jino lile lile.

Kampuni hiyo huuza pia kipande cha kuinua kishikio juu ya kitako. Faida zake ni mbili: kafi hupata nafasi, na rili hukaa mbali na maji yanayopita juu ya sitaha, ambayo kwa rili ndiyo adui mkuu kwa chumvi na mchanga wake. Gharama yake ni kwamba kila sentimita inayoongezwa juu huongeza nguvu inayokikunja kitako samaki anapovuta. Mimi hukitumia kwenye kayaki yenye ubavu mfupi, na nisingeshauri kitumike pale ambapo kitako kimefungwa kwa skrubu tupu bila nati wala kibao chochote upande wa chini.

Suala hilo la kufunga ndilo linaloamua umri wa kishikio. Kayaki nyingi za kuvulia zinazopatikana kwetu ni za poliethilini, plastiki laini ambayo gundi nyingi hazishiki vizuri juu yake. Skrubu iliyozungushwa moja kwa moja katika plastiki hiyo itashika kwa muda, kisha mtikisiko utalipanua tundu. Kama mkono unaweza kufika ndani kupitia mlango wa ngama, zitumike bolti za chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316, zenye washa pana au kibao cha plastiki ngumu kwa ndani, na nati za kujifunga. Kama mkono haufiki, zipo nati za mpira zinazovimba ndani ya tundu bolti inapokazwa, na zipo riveti zinazofunguka kwa ndani kama miguu mitatu. Zote mbili hufanya kazi inayokubalika kwa kishikio cha fimbo. Silikoni ya baharini au mpira mwembamba chini ya kitako huzuia maji yasiingie, lakini visitegemewe kushikilia uzito. Kabla ya kutoboa, mtu achungulie ndani kwa tochi, kwa sababu baadhi ya kayaki zina nguzo za povu katikati au mabomba ya kutolea maji mahali ambapo kutoka juu hapaonekani chochote.

Karibu kila kayaki ya kuvulia huja na mabomba mawili yaliyozamishwa nyuma ya kiti, yaliyoinama nyuma na nje. Wauzaji huyaonyesha kana kwamba yanamaliza haja yote ya mvuvi. Yanafaa kwa kubebea fimbo za akiba maji yakiwa matulivu, na wapo wavuvi hodari wanaorambaza kwa mabomba hayo kwa sababu fimbo zinakuwa mbali kabisa na kafi. Naheshimu sababu yao, ila naona gharama ni kubwa: samaki anapokamata, mvuvi hugeuka, hunyoosha mkono nyuma ya bega, na huvuta fimbo iliyobanwa ndani ya bomba, yote hayo akiwa amekaa juu ya chombo chembamba. Mabomba mengi pia yamezibwa chini ili maji yasiingie ndani ya kayaki, kwa hiyo maji ya chumvi hutuama humo na kuula mwisho wa mpini wenye chuma. Ayatumiaye ayasuuze na kuyakausha kila anaporudi.

Kuna njia ya tatu, ya kreti. Mvuvi huchukua kreti la plastiki, hufungia mabomba ya maji matatu au manne kwenye pembe zake kwa vikanda vya kufungia nyaya, na huliweka nyuma ya kiti likiwa limekazwa kwa kamba za mpira. Kreti la soda la kwetu halifai sana, kwa kuwa ni fupi na limegawanywa vyumba vya chupa. La mikate au la matunda ni bora. Bomba la inchi moja na nusu au mbili hupokea mipini mingi, likatwe mfereji mfupi mdomoni ili mguu wa rili ukae humo na fimbo isizunguke, kisha kingo zisuguliwe kwa msasa. Kwa gharama ndogo mtu hupata ghala la fimbo, koleo, chupa ya maji na visanduku vya chambo. Lakini fimbo zilizosimama wima nyuma ya kichwa hunasa ndoano za anayerusha chambo, hunasa matawi katika vijito vya mikoko, na chombo kikipinduka huwa vikwazo chini ya maji, mahali ambapo mvuvi anahitaji ubavu mtupu wa kupandia. Kreti ni la kuhifadhia. Lisigeuzwe kuwa mahali pa kuvulia.

Hapo tunafika kwenye jambo ambalo kishikio cha Scotty hakiwezi kulitatua, na si haki kukilaumu kwa hilo. Wakati wa kuvuka mawimbi yanayovunjika, fimbo isiwe kwenye kishikio chochote, cha mbele wala cha nyuma. Wimbi linalopita juu ya omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, hubeba uzito wa kutosha kuivunja fimbo iliyosimama au kuing'oa pamoja na kishikio, na ndoano iliyo huru humgeukia mvuvi mwenyewe. Fimbo ya vipande viwili yenye mita 2.1 ikitenganishwa hutoa vipande vya mita 1 hivi, ambavyo hupita katika mlango wa mbele wa kayaki nyingi na kulala ndani vikiwa salama, vikivishwa mfuko wa kitambaa na kufungwa visiteleze kuelekea tezini. Fimbo ya kipande kimoja ilazwe ubavuni kwa urefu wa chombo, rili ikiwa karibu na kiti, ncha ikiwa imeingizwa ndani ya kipande cha bomba laini karibu na omo ili isichomoze, na ifungwe kwa kamba ya mpira sehemu mbili. Kishikio chenyewe kichomolewe. Kwa kuwa mguu wa Scotty hutoka kwa sekunde chache na kitako kinachobaki ni kifupi, kayaki huwa na sitaha karibu tupu wakati wa kutua, na hilo ni jambo ambalo vishikio vilivyofungwa moja kwa moja haviliwezi. Upwa wetu, ambako maji ya bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, mahali palipokuwa patulivu wakati wa kuondoka panaweza kuwa na mstari wa mawimbi juu ya mwamba wakati wa kurudi. Maandalizi ya kutua yafanywe mapema, nje, kabla ya kuyasikia mawimbi.

Kila fimbo iliyo juu ya sitaha iwe na kamba ya usalama, ikifungwa kwenye mpini nyuma ya rili na kwenye kiungo imara cha chombo, kamwe isifungwe kwenye mwili wa mvuvi. Kamba ya kujikunja ni bora kuliko iliyonyooka kwa sababu haijisokoti miguuni. Iwe na kifungo kinachofunguka kwa mkono mmoja, na kisu kiwe kwenye jaketi mahali pa kufikika.

Kwa kulinganisha, RAM Mounts ya Seattle hutumia tufe lililovikwa mpira na mkono unaolibana, hivyo fimbo huweza kuelekezwa popote bila kufuata hatua za meno. Uhuru huo unapendeza, ila tufe hushikwa kwa msuguano na hutegemea nguvu za aliyelikaza, na kwa kurambaza samaki wazito mimi huamini meno zaidi. YakAttack ya Virginia ina reli za kufungwa ubavuni zinazoruhusu kishikio kusogezwa mbele na nyuma bila kutoboa upya, nami ningezipendekeza kwa mtu ambaye bado hajajua mahali pake. Scotty nao wana kiunganishi cha reli za namna hiyo, kwa hiyo mnunuzi halazimiki kuchagua kimoja na kukiacha kingine. RAILBLAZA ya New Zealand ina vitako vidogo vinavyopendeza kwa sura na visivyokwaruza magoti. Mwenye kayaki ya kanyagio, kama zile za Hobie zenye mfumo wa MirageDrive uliotoka mwaka 1997, ana nafuu kubwa, kwa kuwa hana kafi la kulikwepa na anaweza kuweka vishikio ubavuni mwa kiti akavifikia bila shida.

Matunzo ya kishikio hiki ni mepesi. Kisuuzwe kwa maji baridi, kirungu kilegezwe ili mchanga utoke kwenye meno, na kisiachwe juani juu ya paa la gari wiki nzima bila sababu. Mchanga uliobaki kati ya meno hukifanya kirungu kionekane kimekazwa wakati meno hayajakutana, na fimbo ikivutwa ndipo kinaporuka. Bolti za kitako zikaguliwe kila mwanzo wa msimu, na nati iliyolegea ikazwe kwa mkono, bila kutumia mashine.

Kwa anayenunua, ushauri wangu ni vitako viwili na kishikio kimoja. Kimoja kifungwe kulia na kingine kushoto, ili fimbo ihamishwe upande wa demani (ule usiopigwa na upepo) upepo unapogeuka, na fimbo ya pili ikae nyuma kwenye bomba au kreti mpaka itakapohitajika. Bei pamoja na usafirishaji na ushuru itazidi ya vishikio vya plastiki visivyo na jina vinavyouzwa mtandaoni, ambavyo vingine hufanana na Scotty kwa umbo lakini meno yake ni mafupi na laini. Asiyeweza kuimudu tofauti hiyo kwa sasa ni afadhali atengeneze kreti, afunge kamba ya usalama, na avue kwa fimbo moja mkononi hadi atakapojaliwa.